Kukaza boliti ya toshenibaa hakuifanyi kuwa ngumu

Hilux ya zamani ikilala mbele, utasikia gereji nyingi za Dar es Salaam: "Kaza toshenibaa, itakuwa ngumu." Si kweli. Toshenibaa ni chuma kirefu kinachofanya kazi ya springi ya mbele kwa kujipinda. Ugumu wa chuma hicho unatokana na unene, urefu na aina yake. Boliti inabadilisha pembe tu, gari linanyanyuka. Ule ukakamavu unaousikia kwenye mashimo ni mkono wa juu unaoshika gurudumu kugonga mpira wa kizuizi, maana gurudumu limekosa nafasi ya kushuka. Unataka ugumu? Nunua chuma kinene zaidi.

Egesha pasawa, tairi zikiwa na upepo sawa. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili. Piga jeki, weka stendi, magurudumu yaning'inie. Legeza nati, sugua nyuzi za boliti kwa brashi ya waya, tia grisi (chumvi ya pwani inazila vibaya), zungusha kidogo kidogo. Shusha, kisha sogeza gari mita chache mbele na nyuma kabla ya kupima. Ukipima papo hapo, tairi bado zimebana kwa ndani na gari litaonekana juu kuliko lilivyo. Halafu wiliamenti (kupanga magurudumu yakae sawa), usiiruke.

Boliti ikiisha na gari bado limelala, usilazimishe: fundi aondoe mkazo kwenye chuma, achomoe mkono wa toshenibaa (ule unaosukumwa na boliti) na kuurudisha jino moja mbele kwenye meno ya chuma.