Danio hafi kwa baridi ya Mbeya

Kila ifikapo Juni, wateja wa samaki wa mapambo hapa Mbeya huja na maelezo yale yale: danio wao wamekufa kwa baridi. Wa Uyole husema baridi, wa Mwanjelwa husema baridi, na hata yule aliyepoteza samaki wake Novemba, jua likiwa kali, hudai kuwa ni baridi ya usiku. Dhana hii inachosha kwa sababu humpeleka mtu kununua hita huku tatizo lenyewe likibaki ndani ya tangi.

Danio mwenye mistari, yaani Danio rerio, ana asili ya vijito, madimbwi na mashamba ya mpunga ya India, Nepal na Bangladesh, ambako joto la maji hupanda na kushuka sana kwa misimu. Nyuzijoto 18 hadi 25 zinamfaa, na ni wachache kati ya samaki wa madukani wanaostahimili ubaridi kama yeye. Ikiwa maji ya tangi hushuka chini ya 18 usiku baada ya usiku, jambo ambalo si geni Makete na Njombe, hita na iwekwe. Lakini uamuzi huo hutolewa na kipimajoto, si na sweta la mwenye nyumba.

Muuaji wa kawaida ni amonia, kemikali inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kinachooza. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kuibadilisha kuwa naitraiti na hatimaye naitreti isiyodhuru sana, na bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuzaliana, tena huchelewa zaidi maji yakiwa baridi. Mteja hununua tangi Jumamosi, hulijaza maji ya bomba na kutia samaki kumi jioni hiyo hiyo. Siku chache baadaye samaki wanahema juu ya maji, matamvua yamekuwa mekundu, naye huchemsha maji kwenye sufuria na kuyamimina ili "kuwapasha". Joto la ghafla huwashtua samaki, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile yenye sumu. Wengine huongeza chakula ili samaki wapate nguvu, ilhali katika ubaridi samaki humeng'enya polepole, chakula hubaki chini na kuoza. Wapo pia wanaoosha sifongo ya kichujio kwa sabuni, wakaua bakteria wale wachache waliokwisha kuota.

Ushauri wangu, ambao nitaurudia hata nikichukiwa, ni ndoo. Ijaze maji ya bomba, iache wazi kwa siku nzima katika chumba kile kile chenye tangi, ili klorini itoke na joto lilingane. Badilisha robo ya maji kila wiki, suuza sifongo katika maji uliyoyatoa tangini, na lisha kiasi ambacho samaki watakimaliza kwa dakika mbili.

Kuhusu utambuzi, si kweli kwamba mwenye mistari ni dume na asiye nayo ni jike. Wote wanayo, ikilala kutoka kichwani hadi mkiani. Dume ni mwembamba na ana rangi ya dhahabu kati ya mistari ya buluu, jike ni wa fedha na tumbo lake ni nene. Samaki mwenye mistari myeusi inayosimama wima si danio huyu. Danio chui, mwenye madoa, si spishi nyingine bali ni aina ya Danio rerio huyo huyo. Yule mkubwa anayeuzwa kwa jina la danio jitu, anayefikia sentimita 10, ni wa jenasi ya Devario na anataka tangi kubwa zaidi.

Wawili hawatoshi, danio huishi kwa kundi, na chini ya sita huanza kufukuzana. Usiwachanganye na samaki wakali wa Ziwa Nyasa kwa kuwa tu ziwa liko jirani. Hawazai watoto hai: hutawanya mayai na kuyala wenyewe, kwa hiyo anayetaka vifaranga atandike gololi chini ya tangi ili mayai yapenye, kisha awatoe wazazi mara baada ya kutaga. Na tangi lifunikwe, kwani danio huruka.