"Likinikuta ni langu mwenyewe" na mengine tunayodanganyana kuhusu kusafiri nchi za hatari

Naanza na hii kauli maana ndo inayosikika sana, kila mtu akikatazwa kwenda sehemu yenye vita au utekaji utasikia "ni maisha yangu, likinikuta ni langu mwenyewe". Mtu mzima anaamua mambo yake, hilo nalikubali kabisa, ila hiyo kauli sio kweli na watu wanaumia kwa sababu yake.

Chukua Benin, Mei 2019. Watalii wawili Wafaransa wameenda kuangalia wanyama hifadhi ya Pendjari, kule kaskazini karibu na mpaka wa Burkina Faso, wakatekwa. Mwongoza watalii wao, Mbenin, akauawa. Wao wakavushwa mpaka Burkina Faso, makomando wa Ufaransa wakaingia usiku kuwatoa na wakafanikiwa, lakini makomando wawili wakafia pale. Yaani watalii wawili wamerudi kwao wazima na familia tatu zimezika. Siwalaumu wale watalii, muuaji ni yule aliyeshika bunduki, nachosema ni kwamba hapo hamna cha "langu mwenyewe".

Kuna na yule kijana Mmarekani aliyeenda kuhubiri kisiwa cha North Sentinel, India, Novemba 2018, wakati sheria ya India inakataza kabisa kukisogelea. Akauawa. Polisi wakakamata watu 7, wakiwemo wavuvi waliompeleka na boti yao. Na hapo bado hujagusa wenyeji wa kile kisiwa, watu waliojitenga miaka na miaka, miili yao haijawahi kukutana na magonjwa yetu, mafua tu ya kawaida yanaweza yakawamaliza.

Ndo maana mi nasema kabla hujakata tiketi fikiria kwanza watu utakaowategemea kule. Dereva, mkalimani, mwenye nyumba atakayekulaza. Wewe una pasipoti na tiketi ya kurudi, wao hawana pa kwenda, mkalimani akionekana na mgeni leo, mgeni akishapanda ndege yeye ndo anaitwa kuulizwa ulikuwa unamtembeza nani na alikuwa anatafuta nini. Akikwambia njia hii leo tusipite, usimwongezee hela ili apite. Hapo unanunua hatari kwa roho ya mtu mwingine.

La pili ni "ubalozi wangu utanitoa". Hili limewaponza wengi sana. Kazi za kibalozi zimeandikwa kwenye Mkataba wa Vienna wa 1963, na ukikamatwa ugenini una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe, ofisa anaweza kuja kukuona, akakupa orodha ya mawakili, akawapigia ndugu zako kama unataka, pasipoti ikipotea akakupa hati ya kusafiria. Basi. Hawezi kukutoa rumande, hawezi kumwingilia hakimu, faini yako hakulipii. Na hapo ni kama ubalozi upo na wamekubaliwa kukuona! Marekani haina ubalozi Korea Kaskazini, mambo ya raia wake kule yalikuwa yanapitia ubalozi wa Sweden. Otto Warmbier alikuwa mwanafunzi wa chuo, alienda na kundi la watalii kabisa, sio mtu aliyeingia kwa njia za panya, Januari 2016 akakamatwa kwa madai ya kutaka kuiba bango la propaganda hotelini, Machi akahukumiwa miaka 15 ya kazi ngumu, Juni 2017 wakamrudisha hajitambui na siku chache baadaye akafariki. Ana miaka 22. Nchi yenye nguvu kama Marekani ilishindwa kumtoa kwa muda wa mwaka na nusu hivi, we jiulize yako itafanya nini.

Vita ikilipuka ndo kabisa. Sudan mapigano yalianza tarehe 15 Aprili 2023, uwanja wa ndege wa Khartoum ukafungwa siku hiyohiyo, wiki moja baadaye helikopta za Marekani zikachukua wafanyakazi wa ubalozi, hawakufika watu 100, raia wa kawaida wakaambiwa wabaki ndani kwanza. Misafara ya mabasi ilikuja baadaye, tena mpaka Port Sudan ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Na balozi zikifungwa haraka namna hiyo kuna wenyeji walioacha pasipoti zao mle ndani wakisubiri viza, wakashindwa hata kukimbia nchi yao wenyewe. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wenye uraia pacha hapa msikilize vizuri. Ukiingia nchi inayokuhesabu kuwa raia wake, ile pasipoti yako nyingine inaweza isikusaidie chochote. Iran haitambui uraia pacha. Nazanin Zaghari-Ratcliffe, Mwingereza mwenye asili ya Iran, alikuwa ameenda na mtoto wake mdogo kuwasalimia wazazi, Aprili 2016 akakamatwa uwanja wa ndege wa Tehran akiwa anarudi. Alifika Uingereza Machi 2022. Huyo hakwenda kutafuta sifa wala picha za mtandaoni, alienda kuona mama na baba.

Halafu gharama, watu wanadhani serikali ikikuokoa ni bure. Ujerumani kuna mtalii alitekwa Colombia mwaka 2003, alipoachiwa akatolewa porini na helikopta, serikali ikamdai, kesi ikafika mahakama ya juu ya mambo ya utawala na mwaka 2009 ikaamuliwa alipe, zaidi ya euro 12,000. Ufaransa walitunga sheria 2010 inayoruhusu serikali kumdai mtu aliyejiingiza hatarini kwa kujua bila sababu ya msingi. Marekani wakikuhamisha kwenye vita kwa kawaida unasaini karatasi kwamba utarudisha nauli.

Na bima? Soma yale maandishi madogo. Bima nyingi za safari hazilipi vita, na nyingi zinakufa siku ile unapoingia eneo ambalo serikali imeshasema msiende, hata kama kilichokuvunja mguu ni ngazi ya hoteli. Zipo bima za maeneo ya vita, waandishi wa habari wanazitumia, ni ghali.

"Mi sina kosa, nani atanikamata." Kosa ni kwa sheria za kule sio za kwenu. Mwingereza mmoja alifungwa miaka 3 Misri mwaka 2017 kwa sababu ya vidonge 290 vya tramadol, kwao ni dawa ya maumivu ya kuandikiwa na daktari. Droni, picha ya daraja au kizuizi cha polisi, posti uliyoandika zamani kumsema mfalme, kote huko watu wamelala ndani.

Ila kuna dhana ya upande wa pili pia na inanikera vilevile, kwamba nchi ikitajwa vibaya basi yote ni moto. Hapana, hatari inakaa maeneo, mkoa huu vita na mkoa ule watu wanaoa na kufungua maduka, ndo maana tahadhari nyingi za serikali zinataja mikoa na umbali kutoka mpakani, we unasoma kichwa cha habari tu unaacha ramani. Na wakati unaogopa bomu, umefunga mkanda kwenye gari? Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka. Usiku, barabara mbovu, dereva hajalala, hapo ndo wasafiri wengi wanapoishia.

Na mtu akitekwa, wale wanaoandika "aliyataka mwenyewe" waache. Kukosea kupima hatari hakumfanyi mtu astahili kukatwa kichwa au kuozea jela. Unaweza kusema alikosea na bado ukataka arudi, hayo mawili hayagombani. Wengine tena hawakuwa na uchaguzi, nesi wa shirika la misaada, mwandishi, mtu anayeenda kumzika baba yake.

Wanaoenda kwa kazi wanafanya jambo ambalo wasafiri wengi hawalifanyi. Wanaacha nyuma mtu mmoja anayejua njia yao yote, saa za kupiga simu, na nani apigiwe kwanza simu isipopigwa. Wanaacha nakala ya pasipoti, wosia, na maswali mawili matatu ambayo majibu yake wanayajua wao tu, jina la mbwa wa utotoni kwa mfano, ili siku mtekaji akipiga ndugu waulize na wajue kama mtu wao bado anapumua. Kaa na mtu wako myaandike hayo maswali kabla hujafunga begi.