Kuchangisha kwa jina la mtoto aliyefariki kwa ugonjwa wa moyo: maswali na majibu

Mwanetu alizaliwa akilia vizuri, akafariki akiwa na miezi mitatu. Tulikosea wapi?

Hamkukosea. Moyo wa mtoto huumbika ndani ya wiki 8 za mwanzo za ujauzito, na wanawake wengi hapo ndiyo kwanza wanaanza kuhisi kwamba wana mimba. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa hai, takriban mmoja huwa na kasoro ya moyo. Vipo visababishi vinavyofahamika, kama rubela (ugonjwa wa virusi unaoleta homa na vipele) katika mimba changa, kisukari kisichodhibitiwa, pombe na baadhi ya dawa za kifafa, lakini kwa wengi chanzo hakipatikani. Yale ya msibani, kwamba mama alibeba ndoo nzito au kuna mtu kamtupia jicho, yapuuzeni.

Mbona kliniki hawakugundua?

Chukulia tundu kubwa katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Siku za mwanzo presha ya mishipa ya mapafu bado iko juu, kwa hiyo damu inayovuka tundu ni kidogo na mtoto anaonekana mzima. Wiki zinavyosogea presha hiyo inashuka, damu inafurika mapafuni. Ndipo mtoto ananyonya kidogo, anaachia ziwa, anahema, jasho linamtoka kichwani hata kukiwa na baridi, anarudi kunyonya, anachoka tena. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito unalala. Familia huambiwa ni nimonia, na mara nyingine nimonia ipo kweli, juu ya moyo mbovu. Kasoro za aina nyingine hugeuza ulimi na midomo kuwa samawati. Kwa mtoto mweusi angalia ulimi na ufizi, ngozi itakudanganya. Kipimo kinachotoa jibu ni eko, yaani ultrasaundi ya moyo.

Tunataka kumkumbuka kwa mchango. Fedha ziende wapi?

Upasuaji ndio unaovuta watu, na si vibaya. Nairobi, mbio za Mater Heart Run huchangisha fedha za kuwatibu watoto wa familia zisizojiweza. Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, ambayo hupasua watoto na hupokea pia madaktari wa kujitolea kutoka nje.

Ila mchango wa ukoo mmoja mara nyingi haufiki hata nusu ya gharama ya upasuaji. Kwa maoni yangu, mkipata kiasi cha wastani, nunueni kipima oksijeni cha watoto wachanga kwa ajili ya wodi ya wazazi. Mtoto akishatimiza saa 24 hupimwa mkono wa kulia na mguu mmoja, haumii, na dakika chache zinatosha. Hakitanasa kila tundu, lakini kasoro nyingi zinazoua mapema huonekana hapo. Au lipieni nauli na chakula cha mama aliyetoka mkoani kumleta mwanawe eko. Hilo wafadhili wakubwa hulisahau.

Tufanyeje pasiwe na maneno?

Fedha zisipite kwenye simu ya mjomba. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ulizeni utaratibu. Hospitali za serikali Tanzania hutoa "control number", yaani namba maalumu ya kulipia serikalini, mnalipa, risiti inatumwa kwenye grupu la familia. Fulana zenye picha ya mtoto zisichapishwe kabla baba na mama hawajakubali wote wawili. Wengine hupenda iwe sadaka ya kimyakimya, sadakatul jaria (sadaka ambayo thawabu zake huendelea) isiyotajwa jina, na hiyo nayo ni kumbukumbu kamili.

Tukipata mwingine, atakuwa hivyo hivyo?

Uwezekano huongezeka kidogo, lakini kwa kawaida hubaki asilimia chache tu. Mwambieni daktari mapema, muombe eko ya moyo wa mtoto akiwa tumboni, kati ya wiki ya 18 na 22. Mama aanze vidonge vya foliki asidi na apime sukari kabla ya kushika mimba. Chanjo ya rubela haipewi mjamzito, kwa hiyo kama hajawahi kuchanjwa, achanjwe angalau mwezi mmoja kabla.