“Sista, mimi nakula dona tu”: dhana potofu za kisukari tunazozisikia kliniki

Jumanne iliyopita nilimpokea mzee mmoja, fundi seremala, mwaka wake wa tisa na kisukari cha aina ya pili. Alikuja bila kunywa chai kama tulivyomwagiza, mashine ya kupimia sukari ikasoma 13.8 (milimoli kwa lita). Nikamwuliza jana usiku alikula nini.

“Sista, mimi nakula dona tu. Sembe niliacha siku ile ile mliponiambia nina sukari.”

Alilisema kwa fahari, na alistahili fahari hiyo, maana sembe aliiacha kweli, miaka tisa bila kurudi nyuma. Wagonjwa wangapi hutii kiasi hicho? Lakini alikuwa wa nne asubuhi ile kunijibu hivyo, na wote wanne sukari zao zilikuwa juu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba kwenye kliniki ya kisukari hapa Tanga. Ningeruhusiwa kufuta neno moja tu vichwani mwa watu, ningelifuta hilo la “dona tu”.

“Dona haipandishi sukari”

Inapandisha. Dona ni mahindi. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa, yakaondolewa ganda na kiini. Dona ni mahindi yaliyosagwa mazima. Pumba inayobaki ndani ya dona ina faida: nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, na shibe inayokaa. Ndiyo maana hata mimi nawashauri watu wale dona. Lakini kilichojaa ndani ya punje, ikobolewe isikobolewe, ni wanga, na wanga ukishafika tumboni huvunjwavunjwa ukawa glukosi, ile ile tunayoipima kidoleni.

Nilikaa na yule mzee tukapiga hesabu. Kwake kilo ya unga wanakula watu wanne, kwa hiyo fungu lake ni robo kilo. Katika gramu 100 za unga wa mahindi, gramu 70 na ushee ni wanga. Fungu lake la usiku mmoja lilikuwa na zaidi ya gramu 175 za wanga. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi. Nikamwuliza, “Mzee wangu, nikikuletea kikombe nimekitia vijiko arobaini vya sukari, utakunywa?” Akacheka, halafu akanyamaza, akaangalia mikono yake.

Sembe ya kiasi kile kile ingempa wanga karibu na huo huo. Tofauti kati ya unga na unga ipo, lakini ni ndogo ukiilinganisha na tofauti kati ya ugali wa robo kilo na ugali wa ukubwa wa ngumi. Mtu anahama kutoka sembe kwenda dona, anaambiwa dona ni salama, anaongeza matonge, kisha anashangaa sukari imepanda kuliko zamani. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Sehemu ya lawama ni yetu sisi watoa huduma. Foleni ni ndefu, tunamwambia mgonjwa “acha sembe, kula dona”, tunamwandikia tarehe ya kurudi, tunamwita mwingine. Aina ya unga tumeitaja. Kiasi hatukukitaja. Mgonjwa ameshika alichoambiwa.

Na dona siyo peke yake. Iko orodha nzima ya vyakula ambavyo watu wamevipa kibali kwa sababu vinaitwa vya asili: ulezi, mtama, muhogo, viazi vitamu, magimbi, ndizi za kuchemsha. Vyote ni vyakula vizuri na sivikatazi. Vyote vina wanga, na vyote vinahitaji kipimo.

Uji wa ulezi unanisumbua kuliko vyote, kwa sababu hupewa wagonjwa kama dawa. Ulezi wenyewe hauna kosa. Ila umesagwa ukawa laini kama poda, ukapikwa ukawa mwepesi, na chakula kilichosagwa laini na kupikwa hivyo hakina cha kukizuia tumboni. Husagika upesi na sukari hupanda upesi. Mama mmoja alikuwa akinywa vikombe viwili vikubwa kila asubuhi, hautii sukari, na akawa haelewi kwa nini saa nne anajisikia mdomo mkavu na kiu. Kikombe kimoja kidogo, pamoja na yai au karanga, kilimtosha. Ule unga wa mchanganyiko unaouzwa kwenye pakiti kwa jina la “unga wa wagonjwa wa sukari” nao soma ulichochanganywa. Ukikuta mahindi, ulezi, mchele na ngano, umenunua wanga kwa bei kubwa. Asali ni sukari. Sukari guru ni sukari. Juisi ya miwa hata sihitaji kuieleza.

Tufanye nini basi? Kwetu mboga ni ya kutowelea. Mlima wa ugali katikati, kibakuli cha mchicha pembeni, na mboga ikiisha mapema mtu anamalizia ugali na mchuzi. Mgonjwa wa kisukari aupindue mpango huo. Nusu ya sahani iwe mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, chochote kilichopo sokoni siku hiyo. Robo iwe samaki, dagaa, maharage, kunde au yai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali, na isizidi ngumi yako mwenyewe iliyokunjwa. Wali wa nazi pia una robo hiyo hiyo, haukuongezewa nafasi kwa kuwa ni wa Ijumaa.

Kwenye sinia la pamoja ndipo watu wengi wanaposhindwa. Huwezi kuhesabu matonge huku unaongea. Shauri langu, na wagonjwa wangu wamelisikia hadi wamechoka: pakua chako kwanza kwenye sahani, kisha kaa nao kwenye mkeka ule ule, ule polepole. Hakuna anayekufukuza sinia. Na anayepika nyumbani, awe mke, binti au dada wa kazi, aje naye kliniki angalau mara moja, maana yeye ndiye anayeshika mwiko.

Ukiwa na mashine ya kupimia, usiniamini mimi, iamini yenyewe. Pima kabla ya kula, halafu saa mbili tangu tonge la kwanza. Kwa watu wazima wengi tunalenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baadaye. Wazee sana na wenye maradhi mengine tunawalegezea, muulize daktari wako namba zako. Ukitoka 7 ukafika 13, sahani ile ilikuwa kubwa kwako, hata kama ilikuwa dona tupu. Vijiti vya kupimia ni ghali, nalijua hilo, kwa hiyo sikutumi upime kila siku mara nne. Chagua siku tatu kwa mwezi, kila siku mlo mmoja unaoupenda, upime kabla na baada. Kwa vijiti sita utakuwa umejifunza kuhusu mwili wako jambo ambalo mimi siwezi kukufundisha.

Halafu inuka. Usilale baada ya chakula cha usiku. Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi kutoka kwenye damu, na wakati bora wa kuitumia ni pale inapopanda. Watafiti wa New Zealand mwaka 2016 waliwalinganisha watu 41 wenye kisukari cha aina ya pili: walipotembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu, sukari yao ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kuliko walipotembea dakika 30 kwa mkupuo wakati wowote wa siku. Baada ya mlo wa usiku tofauti ilifika asilimia 22. Dakika 10 ni kwenda hadi dukani na kurudi.

“Mimi nina sukari ya kushuka, siyo ya kupanda”

Hakuna magonjwa mawili. Kisukari ni sukari kupanda. Kwa mgonjwa aliye kwenye matibabu, kushuka mara nyingi hutokana na dawa kukutana na tumbo tupu: amemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, au amechoma insulini, kisha amechelewa kula, au amelima tangu alfajiri. Chini ya 4 ni hatari. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa, hata kuzimia.

Na hapa ipo dhana inayoua: kwamba mgonjwa wa kisukari asiguse sukari hata akiwa ameshuka. Familia inamwona anatetemeka, inaogopa kumpa soda. Mpeni! Vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subirini dakika 15, mpime tena, bado iko chini mrudieni. Ikipanda apewe chakula. Aliyezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Anayetumia dawa hizo atembee na vijiko kadhaa vya sukari kwenye kikaratasi mfukoni, kila siku.

“Vitu vichungu vinakata sukari”

Mwarobaini, shubiri, karela, magome ya kila namna. Fikra ni kwamba uchungu unaua utamu. Uchungu unauonja ulimini tu, sukari iko kwenye damu. Sidharau mimea: metformini, kidonge tunachoanza nacho kwa wagonjwa wengi, asili yake ni mmea uitwao Galega officinalis uliotumika Ulaya tangu zamani. Tofauti ni kwamba kidonge kimepimwa, unajua umemeza kiasi gani. Kama unakunywa dawa ya majani, niambie. Sitakugombeza. Nataka nijue, ili tusije tukakushusha kwa pamoja, mimi na mganga wako.

“Ukianza sindano, ndiyo mwisho”

Watu wameona: fulani alianza insulini, mwaka haukuisha akakatwa mguu. Walichokiona ni kweli, sababu ndiyo siyo. Fulani alikataa sindano miaka mitano sukari ikiwa 18, akaikubali kidonda kilipokwisha kuoza. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza 1977 ulionyesha kwamba katika aina ya pili, uwezo wa kongosho kutoa insulini huzidi kupungua miaka inavyokwenda. Kwa hiyo kuhitaji sindano baada ya miaka kadhaa siyo adhabu wala siyo uzembe wako. Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Leonard Thompson, alichomwa Toronto Januari 1922 akiwa kijana wa miaka 14 mwenye aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautoi insulini, yuko taabani. Aliishi miaka 13 zaidi.

Kama huna friji, chupa ya insulini unayotumia ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uiweke ndani ya mtungi wa udongo wenye maji kidogo, kivulini. Jua ni adui yake, na barafu pia.

“Sukari imekuwa 5, nimepona”

Imekuwa 5 kwa sababu ya dawa, na mara nyingine kwa sababu ulijinyima siku mbili kabla ya kliniki. Tunajua. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hakidanganywi na siku mbili, kwa kuwa husoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku kama 120.

Lakini wale wanaosema kisukari hakitulii kamwe nao wamekosea. Uingereza, mwaka 2017, yalitangazwa matokeo ya wagonjwa waliosimamiwa kupunguza uzito mwingi: karibu nusu yao, asilimia 46, baada ya mwaka mmoja sukari ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Walikuwa na uzito wa kupunguza, ugonjwa haukuzidi miaka sita, na walisimamiwa kwa karibu. Ukitaka kujaribu njia hiyo, ongea na daktari kabla ya kuacha kidonge hata kimoja.

“Dawa ndizo zinaharibu figo”

Sukari na presha ndizo zinazoharibu figo. Figo zikishadhoofika, sisi hupunguza metformini au kuiondoa, na jirani akiona hivyo anasema, mmeona, ilikuwa inamuua. Pima mkojo na damu kwa ajili ya figo angalau mara moja kwa mwaka.

“Miguu yangu haina shida, hainiumi”

Hilo ndilo linalonitisha. Sukari iliyokaa juu kwa miaka hulewesha mishipa ya fahamu ya nyayo, na mguu usioumia hautoi taarifa. Mama mmoja alikanyaga msumari ukapenya kandambili, akatembea nao siku tatu. Binti yake ndiye aliyeona doa la damu kwenye mkeka.

Kila usiku, kabla ya kupanda kitandani, angalia nyayo zote mbili na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama, weka kioo chini. Macho yakiwa hafifu, mwite mjukuu akuangalizie. Kung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, siyo kwa mguu. Usiote moto miguu. Na ukija kliniki, vua viatu hata kama hakuna aliyekuambia uvue.