Nani Ameomba, Nani Amenunua, Nani Amelipa: Ununuzi na Mikataba katika Halmashauri ya Mji Mdogo

Kazi ya ununuzi katika halmashauri ya mji mdogo huanza muda mrefu kabla ya tangazo la zabuni kubandikwa ukutani. Huanza pale mkuu wa idara anapojaza fomu ya maombi akieleza anahitaji nini, kiasi gani, kwa kazi ipi na kwa kifungu kipi cha bajeti. Fomu hiyo inapofika kwa mweka hazina, jambo la kwanza kuangaliwa si ubora wa bidhaa wala unafuu wa bei, bali ni kama fedha imo katika kifungu kilichotajwa. Ikiwa haimo, ombi hurudi lilikotoka hata kama haja yenyewe ni ya kweli, kwa sababu bajeti iliyopitishwa na baraza la madiwani ndiyo ruhusa ya kutumia, na jambo lililo nje ya bajeti halina ruhusa mpaka baraza likae na kuidhinisha uhamisho wa fedha.

Kuanzia hapo hati hupita katika mikono tofauti, na tofauti hiyo ya mikono ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Anayeomba hapaswi kuwa ndiye anayechagua muuzaji, anayechagua muuzaji hapaswi kuwa ndiye anayepokea mzigo stoo, na anayepokea mzigo hapaswi kuwa ndiye anayeandika hundi. Wananchi wengi hudhani kwamba mlolongo huu ni urasimu wa kuwachosha watu. Ukweli ni kwamba kila mkono unaoongezwa unamlazimu mwenye nia mbaya kutafuta mshirika mmoja zaidi, na washirika hawapatikani kirahisi.

Ununuzi mdogo hufanywa kwa kukusanya nukuu za bei, mara nyingi kutoka kwa wauzaji watatu au zaidi, na ununuzi unaovuka kiwango kilichowekwa na kanuni hulazimika kutangazwa kwa zabuni ya wazi. Hapo ndipo panapotokea hila kongwe kuliko zote, nayo ni kuvunja kazi moja vipande vipande ili kila kipande kibaki chini ya kiwango. Idara inayohitaji matairi ya magari yake yote huomba ya magari mawili wiki hii, mawili wiki ijayo na mengine baada ya siku kumi, na kila ombi likitazamwa peke yake halina kasoro. Hila hiyo huonekana tu pale mtu anapokaa na rejesta ya oda za ununuzi na kuzisoma kwa mfululizo, akiangalia tarehe na jina la muuzaji. Kwa uzoefu wangu, saa moja ya kusoma rejesta hiyo hufundisha zaidi ya ripoti nyingi zenye kurasa mia.

Eneo linalostahili macho zaidi, na ambalo hupewa macho machache, ni vigezo vya kiufundi. Watu huitazama kamati ya tathmini kana kwamba upendeleo hufanyika huko, ilhali mara nyingi mshindi huwa ameshachaguliwa siku vigezo vilipoandikwa. Zabuni ya pampu ya maji inapotaja kiasi cha maji kwa saa, kimo ambacho maji yanatakiwa kufika na aina ya umeme uliopo, wauzaji wengi wanaweza kushindana. Ikitaja uzito kamili wa pampu, umbo la kifuniko chake na idadi ya skrubu, hapo mwandishi amenakili kijitabu cha kampuni moja, na ushindani umekwisha kabla ya tangazo kutoka. Mzabuni anayeona hivyo ana haki ya kuandika kuomba ufafanuzi kabla ya muda kufungwa, na jibu atakalopewa linapaswa kupelekwa kwa wazabuni wote waliochukua nyaraka.

Siku ya kufungua zabuni, saa hutajwa kwa dakika. Bahasha iliyofika baada ya muda hurudishwa bila kufunguliwa, na hapa hakuna huruma, kwa kuwa huruma kwa mmoja ni dhuluma kwa waliowahi. Bahasha zilizowahi hufunguliwa mbele ya wazabuni au wawakilishi wao, jina na bei husomwa kwa sauti, na wajumbe huweka saini zao kwenye ukurasa wenye bei ili usibadilishwe baadaye. Kisha kamati ya tathmini hukaa faragha kupima kila zabuni kwa vigezo vilivyotangazwa, bila kuongeza hata kimoja kipya. Bei ya chini kabisa haishindi kila mara, kwani bei isiyotosha hata kununua saruji inayohitajika ni ahadi ya kazi itakayotelekezwa njiani, na kamati inayo haki ya kumtaka mzabuni aeleze ataifanyaje kazi kwa fedha hiyo.

Madiwani wana nafasi yao katika mlolongo huu, na ni vyema nafasi hiyo ieleweke. Diwani hapaswi kupanga alama za wazabuni wala kumpigia simu afisa ununuzi kumuulizia jamaa yake. Wajibu wa baraza ni kuweka sera na viwango, kupitisha bajeti, kuidhinisha mikataba mikubwa pale sheria inapotaka hivyo, na kudai maelezo ya utekelezaji. Wajibu huo hauwezi kutimizwa na diwani anayefungua kabrasha akiwa tayari ameketi ukumbini. Ndiyo maana taarifa ya kikao na makabrasha hutakiwa kutoka siku kadhaa kabla, na akidi isipotimia kikao hakiwezi kufanya uamuzi halali. Diwani mwenye maslahi katika jambo lililo mezani, yawe yake, ya mwenzi wake au ya kampuni aliyonayo hisa, anatakiwa kuyatangaza, kutoka ukumbini na kutopiga kura, na karani wa baraza aandike katika muhtasari kwamba alitoka na saa aliyotoka.

Mabaraza mengi huyaweka mambo ya kawaida katika fungu moja la ajenda na kuyapitisha kwa kura moja bila mjadala. Utaratibu huo unaokoa muda, nami siupingi, lakini mkataba usiotakiwa kuonekana hupenda kukaa humo, katikati ya kuthibitisha muhtasari uliopita na kupokea salamu za wageni. Diwani mmoja akiomba jambo fulani litolewe katika fungu hilo lijadiliwe peke yake, kwa kawaida inatosha litolewe. Vivyo hivyo kwa vikao vya faragha: sheria za nchi nyingi huviruhusu kwa sababu chache, kama mashauri ya kisheria na masuala binafsi ya watumishi, na uamuzi unapofikiwa hutakiwa kuwekwa wazi kwenye kumbukumbu.

Mkataba ukishasainiwa, wengi huona kazi imekwisha, kumbe hasara nyingi huanzia hapo. Mwanasheria anatakiwa awe ameupitia, dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki kuilipa halmashauri mkandarasi akishindwa kazi, iwe imewasilishwa na kuthibitishwa na benki iliyoitoa, na sehemu ya kila malipo izuiwe mpaka muda wa uangalizi wa kasoro uishe. Zaidi ya yote, nyongeza za kazi zichungwe. Mkandarasi aliyeshinda kwa bei ya chini anaweza kuirudisha faida yake kwa nyongeza tatu au nne, kila moja ikiwa ndogo kiasi cha kutofika barazani. Kanuni nzuri huhesabu nyongeza zote kwa pamoja, na jumla yake ikivuka asilimia iliyowekwa, mkataba mzima hurudi mbele ya baraza.

Malipo nayo hayatoki mpaka hati tatu zikubaliane: oda ya ununuzi, hati ya kupokea mzigo na ankara ya muuzaji. Oda ikisema mifuko mia mbili ya saruji, hati ya stoo ikisema mia moja na themanini na ankara ikidai mia mbili, mhasibu hulipa mia moja na themanini au halipi kabisa mpaka tofauti ielezwe.

Mji wa Dixon katika jimbo la Illinois, Marekani, wenye wakazi wapatao 16,000, ulijifunza kwa uchungu gharama ya kuiacha mikono yote iwe ya mtu mmoja. Rita Crundwell, aliyekuwa msimamizi wa fedha wa mji huo, alifungua mwaka 1990 akaunti ya benki iliyobeba jina la mji lakini iliyojulikana kwake peke yake. Aliandaa ankara za uongo zilizoonekana kutoka serikali ya jimbo, akahamishia fedha za mji kwenye akaunti hiyo, na baraza lilipouliza kwa nini fedha hazitoshi alijibu kwamba jimbo limechelewesha mgao. Kwa zaidi ya miaka 20 alichukua dola zipatazo milioni 53, ilhali barabara zilisubiri matengenezo na wakaguzi wa nje walipita kila mwaka bila kuiona akaunti ile. Iligunduliwa mwaka 2011, alipokuwa likizo ndefu, na mtumishi aliyemkaimu akaomba benki impe taarifa za akaunti zote za mji. Mwaka 2013 Crundwell alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 19.

Mji mdogo utasema hauna watumishi wa kutosha kutenganisha kazi, na mara nyingi husema kweli. Hata hivyo taarifa ya benki inaweza kufunguliwa kwanza na mtu asiyeandika hundi, likizo ya kila mwaka inaweza kuwa ya lazima kwa kila anayeshika fedha, na mjumbe wa kamati ya fedha anaweza kupokea moja kwa moja kutoka benki orodha ya akaunti zote zenye jina la mji. Hatua hizo hazihitaji kuajiri mtu yeyote.

Hatua nyingine ni kuichapisha mikataba yenyewe. Slovakia ilitunga sheria iliyoanza kutumika mwaka 2011 ambayo kwayo mkataba wa umma unaotakiwa kuchapishwa hauanzi kufanya kazi mpaka uwekwe kwenye intaneti. Afisa anayechelewa kuuchapisha anakuwa anamchelewesha mkandarasi wake mwenyewe. Mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, mwananchi bado anaweza kufika kwa karani wa baraza na kuomba muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mkataba, pamoja na cheti cha malipo cha mwisho. Akiviweka viwili hivyo mezani, alinganishe kiasi kilichoidhinishwa na kiasi kilicholipwa. Vikitofautiana, aulizie hati za nyongeza za kazi, na aangalie kila moja ilisainiwa na nani na tarehe gani.