Geuza Mkeka Utazame Mgongo Wake: Watoto Kwenye Mabanda ya Kazi za Mikono Saba Saba

Kila mwaka, maonesho ya biashara ya Saba Saba yanapokaribia kufunguliwa katika uwanja wa Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, jijini Dar es Salaam, wazazi huniuliza ni wapi hasa pa kuwapeleka watoto. Nimefundisha ususi na kazi nyingine za mikono kwa miaka mingi, na jibu langu halibadiliki: wapelekeni kwa wasusi, wachongaji na wafinyanzi, mwende asubuhi, na mchague meza tatu tu. Mtoto aliyeburutwa mbele ya meza thelathini hurudi nyumbani akikumbuka aiskrimu peke yake. Tarehe 7 Julai yenyewe, siku ambayo chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954, ni sikukuu ya taifa, na umati huwa mkubwa kiasi kwamba mtoto haoni kitu ila viuno vya watu wazima. Chagueni siku nyingine.

Mkifika mezani, salamu itangulie, kisha ombeni ruhusa, ndipo mguse. Baada ya hapo ombeni jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliombi, yaani kuona upande wa chini. Kazi ya mkono husomeka mgongoni, na watoto huusoma mgongo huo vizuri kuliko sisi kwa sababu wao hawajali bei.

Mwaka jana nilikwenda na mjukuu wangu wa miaka minane. Alimwamkia bibi mmoja aliyekuwa akisuka, akaitikiwa "Marahaba, mjukuu wangu," nasi tukaruhusiwa kuugeuza mkeka. Kwa juu ulikuwa laini, wenye mistari ya zambarau na kijani. Kwa chini zilionekana ncha fupi za ukindu zilizokatwa kwa kisu. Mtoto akauliza kwa nini upande huu una manyoya. Bibi akamwonyesha kwa kidole: hapa ukindu wa kwanza uliisha, nikaingiza mwingine, na hapa tena, na hapa. Alimweleza pia kwamba majani machanga ya mkindu huanikwa juani hadi yapauke, huchanwa nyuzi nyembamba, yale ya rangi huchemshwa pamoja na rangi, na kwamba husukwa kwanza ukili mrefu, yaani utepe mwembamba wa ukindu, kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka utimie upana. Tulihesabu kili 18 katika mkeka wa urefu wa mita 2. Mjukuu wangu alipozidisha akapata mita 36, akataka kuziona, basi tukazipima kwa hatua katika njia iliyo kati ya mabanda, huku bibi akitutazama na vidole vyake havikusimama. Tuliporudi mezani sikuwa na moyo wa kuomba punguzo. Sisemi kwamba kujadiliana bei ni kosa, lakini mbele ya mtoto aliyetoka kuzitembea mita hizo, ningekuwa nafuta somo lote.

Kwa wachongaji wa Kimakonde, mwombeni fundi kibanzi cha mpingo na mkitie kwenye glasi ya maji. Kitazama, kwa sababu mpingo ni mzito kuliko maji, na mtoto aliyezoea kwamba mti huelea atataka kurudia jaribio hilo mara tano. Mwonyesheni pia kwamba weusi huo ni wa moyo wa mti tu. Tabaka la nje lina rangi ya manjano iliyopauka, na wachongaji wengine huliacha kwa makusudi. Miaka ya nyuma niliwahi kununua kinyago cheusi tititi ambacho baadaye kilichafua kitambaa cheupe nilichokilaza juu yake: ulikuwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Tangu hapo hupima kwa mkono uzito kabla ya kutazama sura. Mkikuta kinyago cha ujamaa, chenye watu waliobebana kuzunguka gogo, mpeni mtoto kazi ya kutafuta kiungo. Hatakipata, kwani wote wamechongwa katika kipande kimoja.

Kwenye vyungu sikai sana, ila kama wapo wafinyanzi wa Kikisi kutoka ufuoni mwa Ziwa Nyasa, ambao hufinyanga bila gurudumu la mashine, mwacheni mtoto agonge chungu taratibu kwa kifundo cha kidole. Kilicho kizima hulia. Chenye ufa hutoa mlio mfu.

Kabla ya kuondoka, nunueni fungu dogo la ukindu. Nyumbani ulowesheni kidogo, kwa kuwa ukindu mkavu hukatika, kisha mtoto aanze na nyuzi tatu, kama anavyosuka nywele, ndipo aongeze. Ukili wa kwanza wa mjukuu wangu, wa urefu wa kiganja, uko ndani ya daftari lake la hesabu. Ukingo wa kushoto umelegea mwanzoni, halafu unakaza kuanzia katikati.