Jiwe ndani ya mvule

Ukipasua mvule, tega sikio. Msumeno unakwenda vizuri, mara unalia kama umegonga msumari. Si msumari. Ni jiwe la chokaa ambalo mti wenyewe umelitengeneza na kulificha ndani ya ubao. Mwezi uliopita moja lililolingana na yai la kuku lilinitafuna meno ya msumeno mzima. Siku hizi nikiona sehemu ya ubao imeiva rangi kuliko jirani zake, nachokonoa kwanza kwa patasi kuukuu.

Wateja huuliza kwa nini nisihamie mtiki tu. Kwa sababu mvule ukikauka sawasawa hauchezi. Mlango hausugui sakafu masika wala hauachi mwanya kiangazi. Kiini chake mchwa hawakiwezi, na mvua haikiozeshi upesi, ndiyo maana hutumika hata kuundia mashua. Mita moja ya ujazo, ikiwa kavu, ina uzito wa kilo 650 hivi. Mpingo hupita 1,000 na huzama majini.

Lakini nimesema kiini. Nje yake kuna tabaka jeupe, upana wa vidole vitatu au vinne, lisilo na sifa hata moja kati ya hizo. Wapo wauzaji wanaolichanganya humo humo na kiini, kisha wanapaka mafuta machafu ya gari ubao wote uwe rangi moja. Wewe omba ubao upigwe randa mbele yako kabla hujatoa pesa. Ukitoka njano usikasirike, mvule mbichi ndivyo ulivyo. Mwanga utaugeuza kahawia taratibu. (Kalenda ukiitundika juu yake, siku ukiiondoa utakuta alama yake.)

Nyuzi zake zimepishana, kwa hiyo randa iwe kali na itoe maranda membamba, la sivyo itanyofoa. Na ufunge pua: vumbi lake linawasha mpaka ngozi.

Bei haitashuka. Mtiki unapandwa shambani, kama kule Longuza na Kilombero. Miche ya mvule ukiipanda pamoja, kuna kadudu kadogo kanakoitia vinundu kwenye majani na machipukizi; vikipasuka, ncha zinaoza na mche unadumaa. Basi karakanani kwangu kipande cha mvule hakiendi jikoni. Vile vifupi kabisa navigeuza mbuzi za kukunia nazi, na mbuzi hizo huisha kabla ya milango.